Bi Nyamizi na Boti Nyekundu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, kwa maana mashine za boti zilikuwa zimeshaanza kunguruma ziwani, waliishi nguchiro wawili, mke na mume. Mume aliitwa Mabula, mke aliitwa Nyamizi. Nguchiro mnamjua? Ni yule mnyama mdogo, mrefu kama soksi, mwenye pua inayojua kila chungu kilichoinjikwa kijijini.

Kazi yao ilikuwa uvuvi. Walivua sato kwa mtumbwi wa kasia, wakala, wakauza, wakalala. Mpaka siku moja upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Vuuu! Mawimbi yakaja kama ng'ombe waliokata kamba. Kacha! Mtumbwi ukapasuka vipande viwili. Mke na mume wakang'ang'ania ubao mmoja, wakielea huku wanaitana majina, mpaka mawimbi yalipochoka kuwachezea yakawatupa ufukweni.

Tangu hapo nyumba haikunusa samaki. Watoto walikula panzi asubuhi na panzi mchana. Jioni mama yao akawaambia, "Leo tumebadilisha chakula!" Wakakimbilia chungu. Kumbe ni panzi wa kuchoma.

"Mke wangu," Mabula akasema, "tununue boti ya mashine. Upepo ukija, tunaukimbia."

Wakateremsha kibuyu walichowekea akiba, wakakitikisa. Cheke, cheke. Hakikulia kwa kiburi, lakini kililia.

"Kinatosha boti moja ndogo," Nyamizi akasema. "Tukikosea, hatuna kibuyu kingine. Kwa hiyo nakuomba jambo moja, baba watoto. Tukifika kwa muuzaji, usipende kitu kabla sijakinusa."

"Mimi? Mtu mzima mimi! Nitapendaje ovyo?"

Wakaenda mwaloni, pale wavuvi wanapoteremshia samaki. Muuza boti pale alikuwa mmoja tu, naye ni Kiboko. Alikuwa mkubwa kama ghala, na sauti yake ilitetemesha masufuria ya mama lishe. Kima aliwahi kununua boti kwake, ikazama siku ya pili. Kima akarudi kulalamika. Kiboko akamnyanyua kwa pua akamtupa ziwani, chubwi! Basi, malalamiko yakaisha.

Nguchiro walipokuwa wakikaribia uwanja wa boti, walisikia mlio kutoka majini. Pu-pu-pu-pu-pu! Kikaja kiboti kidogo cha kijivu, hakina rangi, hakina jina, kimashine chake kimechubuka kama goti la mtoto. Ndani yake alikuwamo Fisi, dalali wa Kiboko, aliyekaa ng'ambo ya ghuba na kuvuka kila siku kwa kiboti hicho cha bosi wake kuja kazini. Akaruka nchi kavu. Hata ncha ya mkia haikulowa.

"Hujambo, kaka Fisi," Nyamizi akamsalimu. "Wewe bila shaka ni mwogeleaji hodari."

"Mimi?" Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Mimi hata mchuzi nauogopa ukijaa bakuli."

Nyamizi akakitazama kile kiboti cha kijivu, mbele mpaka nyuma.

"KARIBUNI!" Kiboko akanguruma. "Karibuni, wateja wangu wazuri! Dalali, waonyeshe ile!"

Fisi akavuta turubai. Fyuu! Boti nyekundu! Nyekundu kama pilipili iliyoiva, ina mistari ya dhahabu ubavuni, na nyuma imebeba mashine kubwa kama mbuzi aliyekaa kitako.

"Uuuwi!" Mabula akashika kichwa. "Mke wangu, tazama! Kiti kina mto!"

Ndiye yule mtu mzima, wanangu.

"Mashine hii," Fisi akasema, "ina nguvu kiasi kwamba ziwa likiisha, yenyewe inaendelea nchi kavu!"

"Na mafuta je, inakunywa?" Nyamizi akauliza.

"Aa, inaonja tu, dada."

"Inaonja kama nani?"

Fisi akakuna sikio. "Tuseme... kama mzee Kiboko anavyoonja majani."

Kwa hiyo samaki wote tutakaovua watanunua mafuta, Nyamizi akawaza. Lakini mdomoni akasema, "Boti nzuri, mzee. Nami nimezoea kumtazama mbuzi tumbo kabla sijamnunua. Naomba mnipindulie."

Kiboko akapenda kuonyesha nguvu zake. Akaweka pua chini ya ubavu wa boti, hiii-ya! Akaipindua peke yake. Tumbo likakaa juu, limepakwa rangi nyeusi tii, inang'aa utafikiri ina mafuta.

Hapo nyuki mmoja akaja. Zzzz! Akatua juu ya tumbo la boti, akatembea, akalamba. Fisi akampiga kofi la haraka, pa! Lakini Nyamizi alikuwa ameshainama, na pua yake imeshafanya kazi. Akanusa rangi. Chini ya rangi akanusa nta ya nyuki. Chini ya nta akanusa ubao uliooza.

Akamvuta mumewe kando. "Baba watoto, hii boti ni donda lililopakwa wanja. Mashimo yamezibwa kwa nta."

Mabula akatoa macho. "Twende tukamwambie!"

"Ukamwambie Kiboko kuwa ni mwongo? Wewe unapenda kurushwa kama Kima? Tulia. Mimi nataka boti iseme yenyewe."

Wakarudi. Kiboko akawa amepanua kinywa, anatabasamu kwa meno yote. "Bei yake, kwa kuwa nimewapenda, ni kibuyu hicho chote, na nyavu zenu juu yake."

"Na nyavu!" Mabula akapiga ukelele. "Tutavulia nini, masharubu?"

"Shii, mume wangu," Nyamizi akasema. "Mzee, mimi nakubali. Lakini nina sharti dogo. Tuijaribu kwanza majini. Ikirudi sakafu yake ni kavu, kibuyu chako, nyavu zako. Maji yakiingia, nachagua boti yako yoyote iliyopo hapa mwaloni kwa kibuyu peke yake."

Kiboko akawaza. Nta ile aliisiliba kwa mkono wake mwenyewe, na mara zote ilimvumilia mpaka mteja afike nyumbani. "Yoyote!" akanguruma, na wavuvi wote wakageuka. "Bi Korongo, wewe ni shahidi!"

Bi Korongo, mnunuzi wa samaki mwenye miguu mirefu, aliyeheshimiwa na mwalo mzima, akaitikia, "Nimesikia. Yoyote."

"Basi tuipeleke majini!" Fisi akasema haraka.

"Haraka ya nini, kaka?" Nyamizi akaketi juu ya jiwe, akapanga mkia wake vizuri. "Kwetu hatununui chombo kwa mtu tusiyejua ukoo wake. Mzee, nasikia babu yako ndiye aliyekuwa mwenye ziwa hili lote. Ni kweli, au watu wanakuza?"

Lo! Kumwuliza Kiboko habari za babu yake ni kufungua mlango wa zizi.

"Wanakuza? WANAPUNGUZA!" Kiboko akakaa chini, tii! "Babu yangu akipiga chafya, samaki waliokuwa upande ule walijikuta upande huu..."

"Ebo! Na baba yake babu?"

"Baba yake babu ndiye aliyechimba ghuba hii, kwa kitako!"

"Kwa kitako! Mabula, unasikia? Na mama yake je?"

Kiboko akasimulia. Jua likapanda. Akaeleza ndoa za shangazi zake, kila shangazi na mahari yake. Jua likafika utosini. Mchanga ukawaka mpaka kuku wa mama lishe wakawa wanasimama kwa mguu mmoja mmoja. Na tumbo lile jeusi la boti, mnajua cheusi kinavyopenda jua, likafuka joto kama kikaango. Fisi akalitazama, akamgusa bosi wake ubavuni. "Mzee, jua..."

"Nyamaza, sijamaliza shangazi wa nne!"

Alipomaliza, Nyamizi akainuka. "Nimeridhika. Ukoo mkubwa! Sasa tujaribu. Wewe mzee ni mzito, utaionea boti. Apande kaka Fisi, maana ndiye aliyeisifu. Nami nitapanda naye."

"Mimi?" Fisi akarudi nyuma. "Mimi leo tumbo linaniuma. Na mguu. Na huu mguu mwingine."

"PANDA!" Kiboko akanguruma, akaipindua boti tena na kuisukuma majini. Kisha akamwinamia Fisi sikioni, "Zunguka lile jiwe lililo majini kule mbele, urudi. Itashika."

Mabula akamshika mkewe mkono. Alikuwa amekumbuka ule ubao mmoja na yale mawimbi. "Nyamizi, niache mimi niende."

"Wewe utaangalia mto wa kiti," mkewe akamwambia kwa upole. "Kaa hapa na kibuyu. Ukiona nimechelewa, paza sauti." Akachukua upo wa kukombea maji, akaruka ndani. Lakini Mabula aliona kwamba mkewe ameukumbatia upo kama ule ubao wa siku ile.

Mashine ikawashwa. NGRRRRR! Boti ikaruka mbele, maji yakafunguka pande mbili. Ufukweni watu wakashangilia. Fisi amefumba macho, ameshika mbao kwa mikono minne.

Walipokaribia jiwe, pwa!

"Nini hiyo?" Fisi akafumbua jicho moja.

"Labda samaki anatusalimu," Nyamizi akasema, akaanza kuigeuza boti kuelekea nchi kavu.

Pwa! Pwa! Chuuuu! Maji yakaruka kutoka sakafuni kama chemchemi, yakampiga Fisi kidevuni.

"Yalaaa!" Fisi akapanda juu ya kiti, akapanda juu ya mto, akapanda juu ya mashine, akaungua, akashuka, akapanda tena. "Nakufa! Jamani nakufa! Nilimwambia! Nilimwambia nta haizibi ubao uliooza! Nilimwambia Kima atarudi! Mzee Kiboko, nta yako inanizika!"

Sauti ya Fisi mnaijua, wanangu. Haina siri. Mwalo wote ulisikia. Kima, aliyekuwa juu ya mti, alisikia zaidi ya wote.

Nyamizi hakuwa na nafasi ya kucheka. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulikomba maji, chwa! chwa! chwa! Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni. Ufukweni Mabula alikuwa ameshaingia ziwani mpaka shingoni, kibuyu kichwani, anaita, "Nyamizi! Huku! Huku!" Na mkewe akaifuata sauti ile. Boti ikazama taratibu, ikakaa kitako pale pale maji yanapomfika nguchiro kifuani. Fisi akabaki amesimama juu ya mashine, amefumba macho, anapiga mayowe kuwa anazama.

"Shuka, kaka," Nyamizi akamwambia, anahema. "Hapa ni kifuani kwangu."

Kiboko akaja anavimba. "Hayo si maji ya ziwa! Ni jasho la Fisi!"

Watu wakaangalia chini, kwa kicheko na kwa hofu. Lakini Bi Korongo akaingia majini kwa miguu yake mirefu, taratibu, akachomeka mdomo kwenye sakafu ya boti, akavuta donge la nta laini kama ugali wa moto. Akalinyanyua kila mtu alione.

"Bwana Kiboko," akasema, "jasho la Fisi lina nta?"

Hapo mwalo ukalipuka. Waliocheka wakacheka, na waliokuwa wamepanga kununua boti wakakunja mikono. Kiboko akawatazama wateja wake mmoja mmoja, akaona kwamba hawezi kuwatupa wote ziwani.

"Haya, haya," akanung'unika. "Chagua. Ile ya buluu ni nzuri mno. Au hii ya kijani, ina kengele!"

Nyamizi akaipita ya buluu. Akaipita ya kijani. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiboti cha kijivu chenye mashine iliyochubuka. Akagonga ubavu, ko, ko. Ubao ukaitika kwa sauti kavu, nzima.

"Hii."

"Hiyo haiuzwi!" Kiboko akaruka. "Hiyo ni yangu ya kazi!"

"Ndiyo maana naitaka," Nyamizi akasema. "Boti zote hapa zinapandwa na wateja. Hii peke yake inapandwa na yule anayeogopa hata mchuzi. Asiyejua kuogelea hachezi na chombo, mzee. Inatutosha mimi na mume wangu na nyavu zetu, na mashine yake inaonja mafuta kikwelikweli."

"Ulisema yoyote," Bi Korongo akakumbusha.

"YOYOTE NI YOYOTE!" mwalo mzima ukaitikia, na sauti ya Kima ilikuwa juu ya zote.

Kiboko akapokea kibuyu, akazama majini kwa aibu mpaka yakabaki masikio mawili tu.

Nyamizi na Mabula wakapakia nyavu. Mabula akakaa kwenye ubao mgumu usio na mto, akasogeasogea, kisha akasema, "Kumbe hata kitako kinazoea."

Pu-pu-pu-pu-pu! Wakaondoka, na jioni ile chungu cha nguchiro kilichemka sato wawili wanene, watoto wakagombania vichwa.

Hadithi yangu imetia nanga, na neno lake ni hili: usinunue rangi, nunua ubao.