Miguu Minne Ilipokataa Kuamka

"Injini ya moto haipimwi," alisema Matroni Aneth Mahenge, akaiahirisha kesi ya sabuni hadi asubuhi, na sabuni yenyewe akaitia mfukoni kama kielelezo cha mahakama.

Wasichana wa bweni la juu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Sabuni iliyopotea ilikuwa ya kijani yenye harufu ya ndimu. Sabuni iliyokutwa kwenye sanduku la mshtakiwa ilikuwa ya kijani yenye harufu ya ndimu. Ushahidi gani tena watu walitaka? Waliposikia kwamba haki katika shule yao inaendeshwa kwa kanuni za gereji, walinung'unika, wakamwuliza matroni methali hiyo ameitoa wapi, maana kwenye kitabu cha Kiswahili haimo.

"Haimo kwa sababu waliokiandika hawakuwahi kuishi na Miguu Minne," akasema, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sogeeni. Ilizaliwa kwetu, na ilizaliwa namna hii."

Katika kijiji cha Ikungula, kule juu Makete ambako sakitu huanguka usiku na majani yakaamka meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, aliishi mjane mmoja aitwaye Edina. Watu walimwita Mama Yeriko. Alikuwa na wana wawili. Yeriko, mkubwa, alikuwa mtu wa kukunja uso, na tangu baba yao afe alitembea kama aliyebebeshwa mlima. Obadia, mdogo, alikuwa mtu wa mzaha. Hata kwenye matanga ya baba yao alimchekesha mchungaji katikati ya sala, kosa ambalo Yeriko alikuwa bado hajalisamehe.

Marehemu aliwaachia shamba la viazi, ng'ombe wa maziwa, na pikipiki ya magurudumu manne mapana, ya kupandia milima na kuvukia matope. Naye pikipiki hiyo alikuwa ameachiwa na mwenye shamba la mifugo alikofanya kazi ujana wake wote. Kijiji kizima kiliiita Miguu Minne. Betri yake ilikwisha kufa zamani. Iliwashwa kwa kuvuta kamba, na iliwaka ilipopenda. Ilibeba maziwa, ilibeba mbegu, ilibeba wagonjwa, na safari moja ilibeba maharusi pamoja na kabati lao.

Jioni moja Obadia alikuwa akirudi nayo kutoka kupeleka maziwa. Mama Yeriko aliisikia kabla hajaiona. Injini ilikuwa ikigonga, tak-tak-tak, kama mtu anayepiga kijiko kwenye sufuria, na kwenye kilima cha mwisho ilikohoa, ikapanda kwa kujivuta. Moyo wa mama nao ukaanza kugonga. Hakuwa akiiogopa injini. Aliuogopa uso wa Yeriko, aliyekuwa amesimama uani, mikono kiunoni.

"Umeifanya nini?" Yeriko akauliza.

"Kamwene na wewe, kaka," Obadia akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Nimepeleka maziwa, nimerudi."

"Nakuuliza umeifanya nini!"

"Inagonga tu. Labda inapiga hodi."

Mzaha ule ulikuwa mafuta ya taa kwenye kuni.

"Unashindana na bodaboda kule bondeni, unadhani sijui? Watu wameniambia! Baba aliitunza kama yai, wewe umeiua."

"Watu gani hao? Waje waseme hapa."

"Kila alichokiacha baba wewe ni mchezo. Baba mwenyewe ulimfanyia mchezo kwenye matanga yake. Basi kuanzia leo usiguse kitu chake. Na nyumba hii usiseme tena kwamba ni kwenu."

Hapo Obadia akaacha kucheka. Mama Yeriko alikuwa hajawahi kuuona uso wa mwanawe huyo bila cheko, na haukumpendeza. Ulifanana mno na wa kaka yake.

"Sawa," Obadia akasema polepole. "Kesho asubuhi nipeleke barabarani nipande basi la Mafinga. Kule kwenye kazi za mbao hakuna anayeuliza mtu kwao ni wapi. Na nikitoka, sirudi."

"Nitakupeleka. Ila hutaondoka kabla ya kurekebisha ulichoharibu. Tunaziseti tapeti sasa hivi."

Mwiko ulimtoka Mama Yeriko mkononi. Alilijua neno lile, nikitoka sirudi. Kaka yake wa kuzaliwa, Zakaria, aliwahi kulisema jioni moja kwa sababu ya ua uliobomolewa na nguruwe. Nguruwe aliliwa, ua ukajengwa upya, baba yao akazeeka akitazama njia, na Zakaria hajaonekana mpaka leo.

"Wanangu, njooni mle kwanza," akaita. "Viazi vinapoa."

Hakuna aliyegeuza shingo. Walikuwa wamekwisha kukitoa kiti cha pikipiki, na Yeriko alikuwa akihangaika na boliti za kifuniko cha injini, akivipuliza vidole vilivyoungua.

Sasa, ili mwelewe alichokiona mama yule, sharti mjue tapeti ni nini. Ndani ya kichwa cha injini zimo vali, nazo ni milango: mmoja huingiza pumzi, mwingine hutoa moshi. Kila mlango husukumwa na mkono wa chuma, na kati ya mkono na mlango huachwa nafasi ndogo, unene wa karatasi. Nafasi hiyo hupimwa kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja kama karata. Nafasi ikizidi, mkono unagonga. Ikikosekana, mlango haufungi, na injini yenye mlango wazi ina nguvu kama za mtu anayejaza upepo mpira wenye tundu.

Mama Yeriko aliyajua haya kwa sababu ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe tochi. Kila baada ya mavuno, asubuhi na mapema, kabla hata ya uji, marehemu alitoka na koti lake, akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayempima mtoto homa. Alipoona ni baridi kama jiwe la mtoni, alisema, "Imelala. Sasa haiwezi kunidanganya." Maana injini hiyo ikiwa ya moto chuma chake hutanuka, na nafasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukiipunguza hapo, umepunguza uongo.

Basi akatoka jikoni, akasimama karibu yao.

"Yeriko, mwanangu, injini hiyo bado ya moto. Baba yenu alikuwa akingoja—"

"Mama, hiki si chungu cha makande. Tuachie sisi."

"Lakini baba yenu—"

"Mama, hebu tuache!" Obadia naye akasema.

Hilo lilikuwa jambo pekee walilokubaliana jioni ile.

Mama akarudi jikoni. Akakaa kwenye kigoda, akafikiri. Wakiipima hivi, usiku ule itawaka vizuri. Kisha itakaa uani kwenye sakitu, chuma kitanywea, ile nafasi itamezwa, na milango itabaki wazi. Asubuhi haitawaka. Na isipowaka, basi la Mafinga litapita bila Obadia. Alikwisha kufungua kinywa awaite mara ya tatu, kisha akakifunga. Alichukua taa ya kandili, akawapelekea.

"Haya basi, pimeni," akasema kwa upole mkubwa. "Giza linaingia."

Walifanya kazi bila kusemezana. Yeriko alipitisha fila, akakaza sikurubu, akapitisha tena, akafunga nati. Obadia alimpa spana kabla hajaombwa, kwa sababu mikono yao ilikuwa bado haijapata habari za ugomvi. Kifuniko kikarudi. Yeriko akavuta kamba.

Miguu Minne ikawaka kwa mvuto mmoja. Haikugonga. Ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Unaona?" Yeriko akamwambia mama yake.

Mama Yeriko aliona, akamtilia shaka mumewe. Huenda marehemu alikuwa mtu wa madoido tu. Huenda kile kiganja chake kilikuwa sababu ya kukwepa kukata kuni. Akalala na hofu hiyo kama mtu aliyelala na jiwe chini ya godoro. Chumba cha pili alimsikia Obadia akifunga sanduku, akilifungua, akilifunga tena. Kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu Miguu Minne iwake. Safari hii aliomba isiwake, akaona haya, akamweleza sababu, kisha akaongeza kwamba ombi hili ni la siku moja tu.

Kulipokucha, ua wote ulikuwa mweupe. Sakitu ilikuwa imekaa hata juu ya kiti cha Miguu Minne. Obadia alifunga sanduku lake nyuma kwa kamba ya katani, akasimama pembeni, macho chini. Mama alimkumbatia, lakini hakumuaga.

Yeriko akavuta. Kimya.

Akavuta tena. Mama Yeriko alikuwa akitazama mkono, hakutazama injini. Siku zote kamba ile ilikuwa nzito, ikimrudisha mvutaji kama ndama anayekataa kutoka zizini. Leo ilikuja nyepesi, kama uzi unaochomolewa kwenye kitenge kilichochakaa. Milango imebaki wazi, akawaza, akashusha pumzi.

Yeriko akavuta kwa hasira, mara kadhaa mfululizo, na ghafla injini ikakohoa! Moshi mdogo ukatoka. Mama akaushika mwimo wa mlango. *Ee Bwana, si tulikubaliana?* Yeriko akavuta tena haraka, na tena, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Obadia akamwambia apishe, akavuta yeye. Haikukohoa tena.

Ng'ambo ya bonde ikasikika honi ya basi. Ilipiga kwenye kona ya kwanza, ikapiga kwenye kona ya pili, kisha sauti yake ikazama msituni.

Wote watatu walisimama wakiisikiliza ikipotea.

"Litakuwepo jingine kesho," Yeriko akasema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayemfukuza mwenziwe. Ilikuwa imechoka. Akakitoa kiti, akafungua kifuniko, akaingiza fila ileile ya jana. Haikuingia. Akaisukuma. Haikuingia hata ncha.

"Jana ilipita," akasema. "Umeona mwenyewe. Ilipita."

"Jana ilikuwa ya moto," Obadia akajibu.

Yeriko akaweka kiganja chake juu ya injini, vilevile kama marehemu, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Mama Yeriko alilazimika kutazama kando.

"Mama," Yeriko akasema, "jana ulikuwa unataka kusema nini?"

"Kwamba baba yenu alikuwa akingoja ilale."

Wakaanza upya. Obadia alishika tochi, kaka yake akashika fila, na kwa kuwa vidole vilikufa ganzi walipokezana kila mara kwenda kuviotesha moto jikoni. Ilikuwa kazi ya kufanywa na watu wenye subira, na baridi iliwapa. Katikati ya kazi Obadia akauliza, "Hivi mara ya mwisho zilipimwa lini?"

Yeriko alikuwa akigeuza sikurubu robo mzunguko.

"Baba alipokuwa hai," akasema mwisho. "Kazi hii aliniachia mimi. Kila mavuno nikasema nitafanya. Ingegonga hata kama ingeendeshwa na malaika." Akafunga nati. "Hukuiua wewe."

Obadia akakwaruza sakitu kwa kidole cha mguu. "Nilishindana na bodaboda kweli. Mara moja."

"Najua."

"Kule kwenye daraja."

Yeriko akainua uso. "Ulishinda?"

"Nilimwacha mpaka akasimama kununua mahindi."

Na Yeriko, ambaye hakuwa amecheka tangu matanga, alicheka mpaka fila ikamponyoka ikaanguka chini ya injini, wakalala kifudifudi wote wawili kuitafuta. Walipokuwa huko chini, vichwa vikigusana, Obadia akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile neno la nyumba?"

"Lile," Yeriko akasema, "nalo nililipima likiwa la moto."

Walipomaliza, kamba ilikuwa imerudia uzito wake. Obadia aliivuta, injini ikawaka, ikabisha hodi kidogo ya kiafya, ikatulia. Wala hakuna aliyelitaja basi. Yeriko alifungua ile kamba ya katani, akalishusha sanduku, akaliingiza ndani begani kwake mwenyewe. Na mahali pa sanduku wakafunga madumu ya maziwa, ambayo yalikuwa yamekwisha kuchelewa vya kutosha.

Kabla ya kuondoka Obadia alichungulia jikoni.

"Mama, jana ulipotuletea kandili, ulijua haitawaka?"

Mama Yeriko alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka.

"Mimi," akasema, "ninajua makande tu."

Tangu hapo Ikungula, watu wakigombana wakataka kukata shauri papo hapo, kuna mtu huweka kiganja hewani kama anayepima homa, na kila mmoja hujua la kufanya: wanakwenda kulala.

Matroni aliinuka kitandani, akazima taa, akatoka na ile sabuni mfukoni. Asubuhi, kabla ya uji, mlalamikaji aliingiza mguu kwenye buti lake la mvua, akakuta kitu kigumu. Alikitoa. Kilikuwa cha kijani, kikinukia ndimu, na ile sabuni ya kielelezo ilikuwa bado mfukoni mwa matroni. Bweni zima lilimtazama, na mshtakiwa, kwa hisani kubwa, akaweka kiganja hewani.

"Injini ya moto," mlalamikaji akasema, macho yakiwa kwenye buti.

"Haipimwi," wakamjibu.