Hodi ya Mtungi

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na zimwi lililojiita Baba wa Wote. Liliwakusanya watu kilimani, likawaambia kila kitu ni chake, basi kila kitu kipigiwe hodi. Ukitaka maji, piga hodi mtungini. Zimwi likisema "Karibu," unakunywa. Likisema "Bado," unakaa na kiu yako.

Siku moja zimwi likavimbiwa sifa, likapasuka. Watu wakatawanyika, na mmoja wao, Mwanakheri, akarudi nyumbani kwa mdogo wake, Somoe.

Akasimama mbele ya chungu cha wali. "Hodi." Sauti ikajibu, "Bado." Akasimama mbele ya kitanda. "Hodi." "Bado." Akasimama mbele ya mtungi, koo limemkauka. "Hodi." "Bado."

"Dada, unampigia nani hodi? Hapa si kwetu?"

"Najua ni kwetu!" Mwanakheri alifoka. "Na zimwi nimeliona kwa macho yangu likipasuka! Sasa nani ananijibu?"

Akanyakua mchi, akauvunja mtungi. Maji yakamwagika, vigae vikatapakaa, na ndani hamna mtu. Akaokota kigae chenye maji kidogo, akakitazama kwa hasira, machozi yakimlengalenga.

"Hodi," akasema.

Somoe akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja. Akahisi midomo ya dada yake ikicheza chini ya vidole vyake: "Bado."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu anywe, asiniulize mimi.