Mawifi Watatu na Maboya ya Kauthari

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye neno na aliweke ulimini lisimtoke, maana mwisho wa hadithi hii litahitajika.

Walikuwepo mjini Morogoro dada watatu wa bwana mmoja aitwaye Mfaume. Mke wa Mfaume aliitwa Saumu, na kwa hiyo wale watatu walikuwa mawifi zake. Kila mmoja alikuwa na kipaji, na mtaa mzima ulimjua nacho.

Hidaya, mkubwa wao, alikuwa fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa mkononi. Futi alikuwa nayo, ikining'inia shingoni kama kidani, lakini ilikuwa ya pambo tu. Alikushika bega kama anayekusalimia, na baada ya siku chache gauni likaja likakukaa kama ulizaliwa nalo.

Zamda, wa kati, kipaji chake kilikuwa sikioni. Alipepeta mchele huku uso ameugeuzia ukuta wa jirani, wakisengenya naye, mara akasema, "Kuna jiwe," na jiwe likaonekana. Kwa mlio wa sufuria alijua maharage yanataka maji. Alijua mtoto wa nyumba ya pili analia njaa au anadeka tu, ingawa mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Tausi, kitinda mimba, kipaji chake kilikuwa kifuani. Alikuwa na pumzi. Harusi zikifanyika, maputo yote alijaza yeye, na bado akapata sauti ya kuimba. Majini alizama upande huu akaibukia upande wa pili akicheka.

Na Saumu je? Saumu alikuwa na hofu. Alipokuwa mtoto, mdogo wake wa kiume alichukuliwa na mto wakati wa masika, na yeye akabaki ukingoni ameshika kandambili za mdogo wake mkononi. Tangu hapo, maji yakimfika magotini mate humkauka. Mama mkwe alipompa mjukuu wake jina la Kauthari, mto wa peponi, watu walipiga vigelegele. Saumu alivipiga pia, lakini moyo wake ulisikia neno moja tu: mto.

Ila alikuwa mwanamke wa kupigana na nafsi yake. Kauthari alipofika miaka minne, na yeye Saumu akiwa na mimba nyingine, alimwambia Tausi, "Mdogo wangu, hofu hii niliyonayo nataka iishie kwangu. Mfundishe mwanangu maji."

"Nunua maboya ya mikononi, wifi," Tausi akasema. "Maji ni kazi yangu."

Saumu akaenda dukani. Muuzaji akamuuliza mtoto ana kilo ngapi.

"Nipe yale makubwa," Saumu akasema.

"Dada, maboya hayanunuliwi kama sare ya shule. Yanataka yambane mtoto vizuri."

"Atakua nayo."

Msimcheke. Nani kati yetu hakuvaa viatu vilivyosokomezwa karatasi mbele, akaambiwa mguu utavifikia? Ndivyo tulivyolelewa, na mguu ulifika kweli. Lakini kiatu kikikuvuka, unabaki na vumbi la njiani tu.

Hidaya alipoyaona yale maboya aliyapima kwa macho. Alimwita mtoto, akaushika mkono wake mwembamba kwa vidole viwili, akaupenyeza ndani ya boya, akautikisa.

"Wifi, huu ni mkono au kijiti cha mshikaki? Haya yatamvuka."

"Yakijaa upepo yatabana, dada."

"Yatabana lini, akiolewa?"

Plastiki haipunguzwi kwa sindano, na Hidaya alilijua hilo. Akachukua mkanda imara wa begi, akaupitisha mgongoni mwa mtoto na chini ya makwapa, akauwekea kifungo kifuani, na ncha zake akazishona kwenye vitambaa alivyovizungusha kwenye maboya yote mawili. "Moja likivuka, halitakwenda mbali naye," akasema. "Lakini huu ni wa kuazima tu, wifi. Nunua ya kipimo chake." Saumu akaahidi kuwa Idi ikipita atanunua.

Basi ikafika Idi pili, na ukoo ukapanga kwenda kwenye bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni, kule chini ya milima. Asubuhi Saumu alimwogesha Kauthari, akachukua chupa ya mafuta ya nazi. Juma lililotangulia, mtoto alipotoka kufundishwa kwenye maji ya bwawa yenye dawa, Zamda alikuwa amesema mbele za watu, "Wifi, mbona mtoto kapauka hivi? Mnamlea au mnamkausha kama dagaa?" Ulikuwa utani wa mawifi, na utani wa wifi hauna kesi. Lakini una mwiba. Saumu alimpaka mwanawe mafuta mikono, mabega na mgongo hadi akang'aa kama sufuria mpya. Juu ya mafuta yale, baadaye, yakavalishwa maboya.

Bwawani watu walijaa. Muziki ulipigwa, watoto walipiga kelele kuushinda. Zamda na Hidaya walikaa kwenye mkeka nyuma kidogo, wameligeuzia bwawa mgongo, wakipakua pilau. Tausi alimvalisha mtoto maboya na kuyajaza, kila boya kwa pumzi moja, Kauthari akicheka kwa namna yalivyokuwa yakivimba. Kisha wakaingia majini. Saumu alikaa ukingoni kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja tumboni, macho kwa mwanawe. Jua likampanda kichwani, dunia ikaanza kuyumba.

"Tausi, mdogo wangu, niletee maji ya kunywa, naona kizunguzungu."

Tausi akamkalisha mtoto kwenye ngazi ya bwawa, maji yakimfika kifuani. "Kaa hapa, shangazi anakuja. Wifi, mshike kwa macho."

"Ninaye."

Na kweli alikuwa naye. Mpaka mama mmoja waliyesoma naye zamani alipotokea mbele yake na mikono wazi. "Saumu! Ndiyo wewe? Idi mubaraka!" Mkono wa Idi haukataliwi. Saumu akainuka, akakumbatiwa bega la kulia, akakumbatiwa la kushoto, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu njema.

Kule kwenye mkeka, upawa wa Zamda ulisimama hewani.

"Kauthari mbona simsikii?"

"Kwa makelele haya yote unataka umsikie nani?" Hidaya akamuuliza.

"Wote nawasikia. Yeye simsikii." Upawa ukaanguka kwenye wali. "Saumu! Mtoto!"

Saumu aligeuka. Ngazi ilikuwa tupu. Watoto walikuwa wakirukaruka, miguu na mikono na maputo na mapovu, naye hakumwona wake. Kisha akaliona boya moja jekundu limesimama juu ya maji kama boga, na ndani yake hamna mkono. Pembeni yake mkanda ulikuwa umekaza kama kamba ya ndoo, na mwisho wa mkanda ilionekana misuko ya nywele. Uso ulikuwa chini. Boya la pili lilikuwa bado limeng'ang'ania juu ya kiwiko, nalo likiteleza.

Saumu alikuwa tena ukingoni mwa mto, ana kandambili mkononi. Kilichomtoka ni sauti, hata yeye hakuijua kama ni yake:

"Atakayenirudishia mwanangu, huyu wa tumboni jina ni lake!"

Tausi aliitupa chupa ya maji, akaruka na nguo zake. Hakuhangaika kumtafuta, lile boya tupu lilimwita. Alimtoa mtoto, akamlaza sakafuni. Midomo ya Kauthari ilikuwa imegeuka rangi na kifua hakikwenda. Bwana mmoja akainama amshike miguu, amning'inize kichwa chini.

"Usimguse!" Tausi, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu mzima sauti, alimpigia kelele. Alifanya kama walivyofundishwa shuleni: akakiinua kidevu, akaibana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza. Saumu alikiona kifua cha mwanawe kikipanda. Kilipanda kwa pumzi ya kuazima, kikashuka. Kikapanda tena. Kikashuka. Katikati ya kupanda na kushuka, Saumu alisikia muziki bado unapigwa, akashangaa kwamba duniani kuna muziki.

Kisha Kauthari akakohoa. Maji yakamtoka, akavuta pumzi yake mwenyewe, akalia. Zamda akaketi chini palepale kwenye maji, kanga na yote, akisema, "Huyo. Huyo ndiye. Namsikia."

Hospitali walimlaza mtoto usiku mmoja wa kumwangalia, wakamruhusu. Nyumbani yakafuata mambo ya nyumbani, maana hofu ikipungua ulimi huota miguu.

Nanyi mnajua jina si sauti tu. Katika ukoo ule, mtoto akipewa jina lako ni somo wako. Wewe ndiwe unayemwogesha siku ya saba na kumvika nguo yake ya kwanza ya kutoka, na ukizeeka yeye ndiye wa kukuletea maji ya kunawa. Tena neno la Saumu lilikuwa nadhiri, limetamkwa mbele ya watu juu ya mtoto ambaye hajazaliwa. Nadhiri ni deni, na Saumu aliogopa, asijue alilipe kwa nani.

"Bila mkanda wangu," Hidaya alisema siku moja wakichambua mboga, "angekuwa chini ya miguu ya watoto wa watu, na hadi leo tungekuwa tunamtafuta."

"Mkanda hauna mdomo," Zamda akamjibu. "Ungemshikilia hapohapo hadi pilau letu lipoe. Nani aliyesema mtoto hasikiki?"

"Haya, mmemshikilia na mmemsikia," Tausi akasema. "Nilipomtoa alikuwa anapumua?"

"Na nani aliyemwacha kwenye ngazi?" Hidaya akauliza.

Jani la mchicha likabaki mkononi mwa Tausi. Saumu akasema haraka, "Nilimtuma mimi." Alitaka aendelee, aseme na habari ya mafuta na habari ya duka, lakini akainamia mchicha kama aliyefikwa na maji magotini.

Kesho yake Zamda alirudi peke yake. Alikaa mlangoni, akavua kandambili, akazivaa tena.

"Wifi, siku ile nilipomfuta Kauthari mkono wangu uliteleza. Ulimpaka kwa sababu ya mdomo wangu, siyo?"

Saumu akaitikia kwa kichwa.

"Basi mafuta yale nilipaka mimi." Akainua uso. "Lakini jina nalitaka, wifi. Sitakuficha. Sina mwingine wa kunisikiliza nikizeeka."

Saumu akampigia simu mumewe, aliyekuwa safarini na lori. Mfaume akakohoa kama anayesafisha koo, akasema, "Wale ni dada zangu wote, mke wangu. Mimi humo usiniingize," na simu ikakatika. Huenda ni mtandao.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Hidaya alileta kigauni ambacho hakumpimia mtu, nacho kilimkaa. Zamda alisikia kilio cha kwanza akasema, "Huyu ana njaa, hana ugonjwa." Tausi alimpulizia usoni taratibu, mtoto akafumba macho akalala. Na kila mmoja wa watatu, alipombeba, alimwita kimoyomoyo kwa jina lake mwenyewe. Saumu aliwaona midomo ikicheza.

Siku ya saba chumba kilijaa ubani. Nywele za mtoto zilikuwa zimenyolewa. Mawifi watatu walikaa kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega, kila mmoja na beseni jipya mbele yake, kila mmoja akijifanya haoni beseni la mwenzake. Kauthari alizunguka chumbani amevaa maboya mapya, madogo, ya kipimo chake, juu ya mikono mikavu isiyo na tone la mafuta. Alikataa katakata kuyavua tangu yanunuliwe. Alikuwa akiimba, na Saumu aligundua kwamba sasa kila Kauthari anaponyamaza, hata kwa kumeza mate, moyo wake husimama.

Nje ya pazia maalimu akauliza, "Haya, mama. Jina?"

Saumu akawatazama. Aliutazama mkono uliojua, na sikio lililojua, na kifua kilichokuwa na pumzi ya kugawa. Angemwondoa mmoja, Kauthari asingekuwa pale anaimba. Nadhiri ilikuwa moja, na mtoto alikuwa mmoja. Maji yalimfika magotini, yakampanda kiunoni. Akafungua mdomo.

Sasa tumwache hapo hapo, mdomo wazi, mtoto mapajani, na maalimu anangoja. Lile neno mliloambiwa mliweke ulimini, wakati wake umefika. Je, wewe ungekuwa Saumu, ungemwita mtoto nani: Hidaya, Zamda, au Tausi? Na wale wawili utakaowaacha, ungewaambia nini wanapoinuka na mabeseni yao?