Uso wa Lea Juu ya Ubao

Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka acheke mapema. Hadithi hii haina sungura wala zimwi. Ina mama mmoja, wanawe watatu walio hai, na mmoja aliyemezwa na mlima.

Mama Mbonea wa Upareni alijaliwa watoto wenye mikono. Mbonea, kifungua mimba, alikuwa seremala. Juu ya ubao uliopita kwake ungeweza kumlaza kichanga bila nguo. Namsifu, dada yake, alikuwa mshonaji, na mkono wake haukutetemeka hata akiwa amefura kwa hasira. Elinami hakuwa na kazi ya kueleweka, ila alikuwa na subira ya kuudhi watu. Kitinda mimba alikuwa Lea, bado mwanafunzi.

Mwaka wa mvua kubwa mlima uliporomoka mchana kweupe, ukafukia nyumba na Lea ndani. Watu walichimba mpaka wakakata tamaa. Mama Mbonea akabaki hana Lea, hana kaburi la kulilia, hana hata picha ya kushika mkononi. Kila asubuhi alijaribu kuukumbuka uso wa mwanawe, na kila asubuhi ulikuwa umefifia zaidi. Hilo lilimtisha kuliko kifo.

Kilichosalia ni jiko la nje. Mama mwenyewe alikuwa amebandika magazeti ukutani kwa uji mzito, udongo usidondokee chunguni, na katikati ya magazeti hayo akabandika kalenda ya shule yenye picha. Wanafunzi wamejipanga, mwalimu mkuu mbele na kitambi chake, Lea pembeni anacheka. Lakini ukuta ulishapasuka, na hakuna aliyethubutu kuingia. Ulikuwa unasubiri mvua nyingine tu.

Namsifu aliwahi kuona sinia za mbao zilizobandikwa maua ya karatasi na kupakwa vanishi. Akawaambia ndugu zake, "Karatasi peke yake itaoza. Tumbandike Lea kwenye ubao." Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Mbonea akaingia kwenye tope, mahali ambapo watu waliogopa kukanyaga, akafukua mlango wa nyumba yao. Akaukausha kivulini usipinde, akaupiga randa, kisha msasa, kisha msasa laini zaidi, maana karatasi nyembamba huonyesha kila kipele cha ubao. Akatengeneza kisanduku. Alikuwa akilia huku anasugua, na hakuficha.

Namsifu akaingia jikoni, chini ya ukuta ule uliopasuka. Akaulowesha uji mkavu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akaibandua kalenda kwa wembe, taratibu, huku udongo ukimdondokea shingoni. Mama yake alisimama mlangoni akimsihi, "Toka, mwanangu, utaniua mara ya pili." Hakutoka mpaka karatasi ilipoachia. Kisha akaukata uso wa Lea kwa mkasi, akafuata mpaka ukingo wa masikio.

Elinami akaomba apewe kwanza picha ya mwalimu mkuu, ajaribie kwenye kipande cha ubao. Akampaka gundi nzito, karatasi ikajikunja. Akampaka vanishi kabla gundi haijakauka, wino ukavuja, na mwalimu mkuu akavimba mashavu kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Mama Mbonea alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu akaingiwa na hofu: angefuata Lea. Lakini Elinami alishajifunza. Akaizimua gundi kwa maji, akamlaza Lea juu ya kisanduku, akamkandamiza kwa kidole kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote ikatoka. Akakaa, akangoja ikauke kabisa, ndugu zake wakimwita mvivu. Ndipo akapaka vanishi, safu juu ya safu.

Lea akaonekana. Mama Mbonea alipapasa shavu la mwanawe, hakuhisi hata ukingo wa karatasi. Tangu siku hiyo hakulala bila kisanduku kile ubavuni.

Miaka ikapita, naye akashikwa na ugonjwa wa kutoinuka. Watoto wakaja kitandani, na aibu iliyoje, wakaanza kugombana juu ya kisanduku.

"Ubao niliufukua mimi," alisema Mbonea. "Kikae kwangu, hapa nyumbani kwao Lea."

"Bila mimi ungekuwa na ubao mtupu," alisema Namsifu. "Binti yangu amepewa jina la Lea. Mpeni," akasema huku akilia, "amjue mama yake mdogo."

Elinami alikawia kusema, kama kawaida yake. "Mimi nataka kizikwe. Tumchimbie Lea kaburi, aandikwe jina, apumzike."

"Umzike tena?" Namsifu alipiga kelele. "Mlima ulishamzika mara moja!"

"Ulimfukia," alisema Elinami. "Hakuna aliyemzika."

Mama Mbonea aliwasikia wote. Alijua kwamba kama mmoja wao angekosekana, yeye angekufa akiwa ameusahau uso wa Lea. Alijua pia kwamba yeyote atakayempa, wengine wawili wataachwa na donda, na kwamba kikizikwa hakuna macho yatakayomwona Lea tena. Akakivuta kisanduku kifuani. Wakamwinamia, na midomo yake ikaanza kusogea.

Haya, nyie mliokaa hapa mkinisikiliza: mngekuwa yeye, mngelitaja jina gani? Semeni upesi, maana pumzi zake zinakwisha.