Seva ya Sultani Haijambo

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Zahrani, aliyeipenda sura yake kuliko chakula. Alinunua seva kubwa, akaiweka kwenye chumba cha baridi pale kasrini, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza picha zake. Sultani anakula embe. Sultani amemaliza embe. Sultani anachokonoa meno baada ya embe. Zote humo.

Fundi wa seva alikuwa Vuai. Siku moja Vuai akasema kweli: "Maulana, seva inaumwa." Basi! Kwa kuleta habari mbaya, akatiwa gerezani, chini kabisa ya dirisha la Sultani.

Mkewe, Mize, hakuwa na kitu ila ulimi. PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliijua kwa kuchungulia begani kwa mumewe huku akisuka mkeka. Akafunga kanga yake, akaenda kasrini.

Alimkuta Sultani kakaa, shavu limevimba kama andazi, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini.

"Shikamoo, Maulana."

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo kabisa!" akajibu Sultani, chozi likimtiririka.

"Na hilo jino?"

"Jino lipi? Sema shida yako!"

"Namtaka mume wangu."

Sultani akatabasamu kwa upande mmoja, ule uliokuwa bado unafunguka. "Niandikie programu ya kuangalia afya ya seva, ijiendeshe yenyewe, iniletee taarifa. Ikileta habari mbaya, utamfuata Vuai. Ikisema uongo, utamfuata Vuai. Ikiepuka yote mawili, mchukue mumeo uende zako."

"Na kama seva inaumwa kweli, Maulana?"

"Shida yako hiyo."

Mize akakaa kwenye kompyuta ya mumewe, akaandika PHP yake. Ilikuwa programu yenye heshima zake. Kila baada ya muda inaiendea seva, inapiga hodi. Ikikaribishwa, inauliza hali, inapima diski, inapima joto, kisha inampelekea Sultani jibu kwenye simu.

Simu ikalia. Sultani akasoma kwa sauti: "Seva haijambo." Akafurahi. Akashuka chini kidogo kwa kidole. "Ila diski imejaa pomoni kwa picha za embe, joto limepanda, na pumzi inakaribia kukatika."

"Mize! Haijambo au inaumwa?"

"Haijambo, Maulana. Ila inaumwa."

"Hizo ni habari mbaya!"

"Mbaya iko wapi? Si imeanza na haijambo?"

"Basi ni uongo!"

"Uongo uko wapi? Si maradhi yote yametajwa hapo chini? Kwani wewe ukimpigia shangazi yako simu, anakujibuje?"

Sultani akafikiri. "Husema hajambo, watoto wazima, nyumba salama, ila paa limeanguka."

"Shangazi ni mwongo?"

"Shika adabu yako! Shangazi ni mtu. Seva ni chuma. Chuma kikiumwa kiseme kinaumwa. Nani aliyekifundisha kusema hakijambo?"

"Hakuna aliyeifundisha, Maulana. Seva imekulia hapa kasrini, inaiga wakubwa wake."

Sultani akasimama. Kitambaa kikamteleza kikaziba jicho moja. "Mkubwa gani wa hapa anaumwa halafu anasema hajambo? Huyo ndiye mwongo mwenyewe! Nionyeshe, nimfunge leo hii!"

Mize akalitazama lile shavu. Akalitazama tena. Kisha akaenda dirishani, akainama, akapaza sauti kuelekea gerezani:

"Vuai! Jisogeze kidogo, mume wangu. Unaletewa mgeni, na shavu lake linataka nafasi."