Mshumaa Uliohama Kasri

"Mshumaa wa mfalme hauyeyuki, huhama."

Mwalimu mstaafu Shekue aliyasema hayo mbele ya gunia la sukari la bweni, lililopungua bila kutoboka. Wanafunzi, ambao kwa bahati tu walikuwa na midomo mitamu, wakamwuliza kwa heshima kubwa asili ya maneno hayo.

Methali hii ilianza hivi, akasema, akavuta kiti.

Hapo kale Uingereza ilikuwa na mfalme mkarimu kuliko hazina yake. Akiupenda wimbo wako, alikupa shamba. Siku moja hazina ikabaki na buibui tu, naye akamwita Barnaby Thorley, muuza vitambaa aliyesifika kwa kubana matumizi.

"Una mpaka Krismasi," mfalme akamwambia. "Punguza gharama za kasri, ama urudi dukani kwako."

Barnaby hakuwa na duka la kurudia. Alikuwa ameliuza ili anunue joho la kuingilia kasrini.

Alianza na mishumaa. Kasri ilimaliza mia tatu kwa siku, ilhali mfalme alilala mapema kama kuku. Barnaby akakaa pembeni ya ukumbi, akatazama. Desturi ilikuwa hii: kila mara mfalme alipoketi kula, hata adhuhuri jua likiwaka, mishumaa iliwashwa kwa heshima yake. Alipoinuka, ilizimwa, na kipande kilichobaki kilikuwa haki ya aliyezima. Sasa, mfalme huyu alikula upesi kama mwanafunzi aliyesikia kengele. "Kipande" kilikuwa mshumaa mzima ulioungua ncha.

Barnaby akamwita Winifred, mkuu wa wazimaji, mama wa makamo aliyenukia nta.

"Mama, huu ni wizi."

"Wizi, Bwana? Ni mshahara. Ule wa fedha sijauona tangu mwaka juzi."

"Na mnaipeleka wapi?"

"Tunaiuza mlango wa jikoni, nusu bei. Wateja wetu ni watu wa heshima." Akatabasamu. "Mkeo, kwa mfano. Mishumaa ya bei rahisi, ile ya mafuta ya kondoo, haitaki kabisa, anasema inanuka."

Barnaby akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda nyumbani nusura akimbie. Juu ya meza yake, kando ya daftari alimoandikia makosa ya kasri, ulisimama mshumaa wa nta. Akaupindua. Kitakoni palikuwa na muhuri wa taji.

"Na wa juzi pia ulikuwa nao," mkewe akasema, bila kuacha kushona. "Si ulisema tubane matumizi, mume wangu?"

Angeweza kuukwangua muhuri ule kwa kisu. Hata kisu alikishika. Kisha akakiweka, akaubeba mshumaa hadi kwa mfalme, Winifred akiwa nyuma yake.

"Mtukufu," akasema, "mwizi nimempata. Anaishi nyumbani kwangu."

Mfalme akaugeuza mshumaa mkononi. "Kumbe haukuyeyuka?"

"Mshumaa wa mfalme hauyeyuki, Mtukufu," Winifred akajibu. "Huhama. Unatafuta mshahara wetu."

Mfalme akacheka mpaka taji likamwangukia sikioni.

"Na nikiwalipa?"

"Mshumaa utatulia, Mtukufu."

Barnaby akapiga hesabu pale pale: mishahara ya wazimaji wote haikufika robo ya bei ya mishumaa. Wakalipwa Ijumaa. Krismasi ilimkuta bado na kazi yake, joho lake, na nyumba iliyonuka kondoo.

Mwalimu Shekue akalitazama gunia.

"Lakini Mwalimu," kijana mmoja akasema, akijifuta mdomo, "uji wetu wa asubuhi hautiwi sukari tangu muhula uanze."

Mzee akainuka kitini.

"Hilo nitalisema kwa mpishi leo hii. Nanyi mtarudisha iliyobaki. Mshumaa wa mfalme hauyeyuki…"

"Huhama!" wakaitikia wote, na makabati yakaanza kufunguliwa, moja baada ya jingine.