Wiski Sita na Pua Moja

Mficha uchi hazai. Wahenga waliosema hivyo hawakutaka mtu avuliwe nguo hadharani. Walituonya kwamba anayeficha shida yake kwa kuona haya huwafungia mlango hata wale ambao wangemfaa. Msaada haupigi ramli kujua nani anauhitaji. Anayebisha na asikilize yaliyompata Bwana Pua, mkuu wa baa ya hoteli moja ya ghorofa mbili.

Jina hilo hakupewa na mamaye. Alilipata kazini, kwa kuwa alikuwa akiinusa glasi mara moja tu anakwambia kinywaji kimelala pipani miaka mingapi, na kama mhudumu aliyekileta alikula kitunguu mchana. Mwenye hoteli, mama wa maneno machache, alimwachia funguo zote za baa. Kwa miaka ishirini na mitatu pua ile ilimlisha yeye, mkewe na binti zao wawili.

Kisha yakaja mafua. Yalimlaza siku nne, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Kahawa ikawa maji machungu ya moto. Waridi na soksi za msafiri zikawa kitu kimoja. Alingoja wiki, akangoja mwezi, na mwezi wa tatu ukamkuta bado anangoja. Hakumwambia mtu. Pua asiye na pua ataajiriwa na nani? Alijikaza kisabuni, akawa anakisia kwa rangi na kwa mazoea.

Hata mkewe, mwokaji mikate wa hoteli hiyo hiyo, hakuambiwa. Zamani mume huyu alikuwa haachi kusimama mbele ya tanuri kila alfajiri mikate inapotoka, akafumba macho na kuvuta pumzi kama mtoto aliyepewa pipi. Sasa alipita mlango wa jiko bila kugeuza shingo. Mke aliona, akadhani mapenzi yamechuja. Naye akanyamaza, na nyumba yao ikawa na watu wawili wanaoulizana tu kama chumvi ipo.

Siku moja mwenye hoteli akamwita Bwana Pua.

"Jumamosi jioni tuna wageni kumi. Wataonja wiski za Kanada, aina sita. Wewe ndiye utawaongoza. Wakifurahi, tutafanya kila mwezi. Wasipofurahi, itabidi nitafute mtu mwingine wa baa."

"Hakuna shida, mama," alijibu.

Alisoma maandishi ya kila chupa, akayakariri kama mtoto wa shule usiku wa kuamkia mtihani. Jumamosi mchana aliziosha glasi mwenyewe kwa maji ya moto, kama ilivyokuwa desturi yake, maana hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Akazikausha kwa vitambaa vyeupe alivyovitoa kabatini. Kabati hilo lilikuwa limetiwa vidonge vya kufukuza mende, na vitambaa vilikuwa vimelala navyo mwezi mzima. Mtu mwingine yeyote angepiga chafya kabla ya kufungua mlango. Yeye alizipanga glasi, zikang'aa.

Saa kumi na mbili na nusu wageni walikuwa wameketi. Akamimina ya kwanza.

"Hii imetokana zaidi na mahindi," alisema kwa sauti yake ya heshima. "Ni laini. Inuseni taratibu. Mnasikia vanila?"

Wageni wakanusa, wakatazamana. Nani angembishia Bwana Pua?

"Vanila kabisa," alisema fundi saa mmoja, machozi yakimlengalenga.

"Na asali kwa mbali," akaongeza jirani yake.

Mwalimu mstaafu aliyekaa mwisho wa meza akanusa mara ya pili. "Mnisamehe jamani. Mimi nasikia kabati la nguo la marehemu bibi yangu."

Moyo wa Bwana Pua ulipiga paa. Hata hivyo ulimi haukosi la kusema. "Ndiyo ukomavu wa pipa huo, mwalimu."

"Ahaa, pipa!" waliitikia wote, wakanusa tena kwa adabu.

Hapo mkewe akaingia na sinia la vipande vya mkate wa kusafishia kinywa. Alisita mlangoni, pua ikamkunjamana. Akaweka sinia, akamsogelea mumewe.

"Baba watoto, njoo mara moja."

Katika ujia wa kwenda jikoni alimgeukia. "Glasi zinanuka dawa ya mende. Zote! Wewe hukusikia?"

Angeweza kuzua uongo mwingine. Ila alikuwa amechoka, na uso uliokuwa mbele yake ndio aliokuwa ameukosa miezi yote ile.

"Sisikii kitu, mke wangu. Tangu yale mafua. Hata mkate wako siusikii."

"Miezi mitatu?"

"Mitatu."

"Na mimi nikadhani umenichoka!"

"Nikuchoke wewe? Niliogopa kusimama pale kwenye tanuri nikusifie kitu nisichokisikia."

Machozi yakamtoka mke, ya huruma na ya hasira kwa pamoja. Akamfuta mumewe jasho kwa aproni, akamwachia unga kwenye paji la uso. "Mjinga wewe. Nenda kawaambie ukweli. Glasi nazisuuza mimi."

Alirudi, akasema yote. Mwenye hoteli, aliyekuwa amesimama kando ya kaunta, alimkazia macho.

"Kumbe bibi yangu hakutiwa pipani!" alisema mwalimu, na meza nzima ikaangua kicheko.

"Ulimi wangu bado unajua tamu na chungu, na koo linajua moto," alisema Bwana Pua. "Pua naomba mniazime zenu."

Glasi safi zikaja. Sasa kila mtu alisema alichokisikia kweli: sukari iliyoungua, ganda la chungwa, mbao mpya. Alipowaeleza kuwa Wakanada wamezoea kuziita wiski zao rai, kwa jina la nafaka iliyo jamaa ya ngano, hata kama nyingi zimejaa mahindi, fundi saa aliuliza kwa nini.

"Lakabu tu. Hata mimi bado naitwa Pua."

Kwenye ya tano, mkewe alinusa bila kuonja. "Ukoko wa mkate uliokaa tanurini dakika moja zaidi," alisema, na wote wakakubali, safari hii bila woga.

Walipoinuka, mgeni mmoja mkimya alimshika Bwana Pua bega. "Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo. Kila Ijumaa unanimiminia kinywaji, na hukuniambia hata neno? Njoo Jumatatu nikuangalie. Mara nyingi pua ya namna hii hufundishwa upya: limau, karafuu na waridi, asubuhi na jioni, kwa subira."

Mwenye hoteli alikuwa akizima taa. "Mwezi ujao mje wawili," alisema. "Mmoja ulimi, mmoja pua."

Wiki kumi na moja zilipita, mke akimfumba mumewe macho kwa kiganja kila alfajiri na kumnusisha vile vitu vitatu vya daktari. Halafu asubuhi moja mume akavuta pumzi, akatulia, akavuta tena.

"Kwa mbali sana," alinong'ona, "lakini hii ni karafuu."

Mkewe alimkumbatia akilia, mikate ikingoja. Tiba ilikuwa imeketi mbele ya kaunta yake kila Ijumaa na mapenzi yalikuwa yamelala ubavuni pake kila usiku, wala havikumfaa hata siku moja mpaka alipofungua kinywa. Kweli, mficha uchi hazai.